Je, tovuti bila React si ya kisasa?

Wanaoanza kujenga tovuti huambiwa kwamba bila React (maktaba ya JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari) hakuna usasa. Si kweli. React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, inafaa kurasa zenye vipande vingi vinavyobadilika kila mara, kama gumzo. Tovuti ya duka yenye kurasa tano haina kazi hiyo.

React humfanya mgeni apakue JavaScript zaidi, na gharama yake haiishii kwenye bando. Picha ya kilobaiti 200 ikishashuka, simu huifungua na kuionyesha, basi. JavaScript ya uzito uleule lazima ichanganuliwe, kisha itekelezwe, na muda huo kitufe ukikibonyeza hakiitikii. Simu za bei nafuu ndizo huumia zaidi. Tena, ukurasa unaotegemea JavaScript kwa kila kitu, faili moja likikwama njiani, hubaki mweupe pe.

Anza na HTML yenyewe, lugha inayopanga maudhui ya ukurasa. Elementi ya “details” hufungua na kufunga maelezo. Sifa ya “required” huzuia sehemu ya fomu kuachwa tupu (seva nayo ikague, maana kivinjari hudanganywa kirahisi). Ukimaliza, zima JavaScript kwenye kivinjari na upakie ukurasa upya. Bei na namba ya simu zikipotea, kuna kazi bado.