Tambo za kwenye gemu: yanayodhaniwa na ukweli wake

"Ni maneno tu, mechi ikiisha nayo yameisha."
Hayaishi. Anayecheza na kikosi kilekile kila usiku huokota misemo yake, vifupisho vyake, hata namna ya kumcheka aliyeuawa, kisha huongea hivyo hivyo na watu wasiocheza kabisa. Chukua "gg", kifupi cha "good game" (mchezo mzuri), salamu ya kumaliza mechi kwa heshima. Iongezee "ez", yaani kwetu ilikuwa rahisi, na salamu imegeuka kofi. Mwaka 2016 watengenezaji wa gemu ya Overwatch waliweka mtego: ukiandika "gg ez", wenzako wanasoma sentensi nyingine kabisa, ya upole au ya kukuaibisha wewe.

"Wanaotukana ni wakorofi wachache."
Kampuni ya Riot Games walipochunguza gemu yao ya League of Legends walikuta wakorofi wa kudumu ni karibu asilimia 1 tu ya wachezaji. Lugha chafu nyingi ilitoka kwa watu wa kawaida walioudhika siku hiyo. Kwa hiyo kufungia akaunti peke yake hakutoshi. Walipozima gumzo kati ya timu pinzani, anayelitaka aliwashe mwenyewe, maneno mabaya yalipungua kwa takriban thuluthi moja.

"Jina la bandia humfanya mtu asiwe yeye."
Kutojulikana kweli hulegeza ulimi. Mwanasaikolojia John Suler alilieleza hilo mwaka 2004. Lakini mchezaji ana jina, cheo na sifa za kulinda mbele ya kikosi chake. Kikosi kikiheshimu mwenye matusi makali, naye atatukana ili aonekane mwenzao.

"Kila mtu hutukanwa sawa."
Si kweli hata kidogo. Katika utafiti wa gemu ya Halo 3 uliochapishwa mwaka 2013, sauti ya kike ilipata maneno mabaya mara 3 ya sauti ya kiume. Uchambuzi wa mwaka 2015 ukaonyesha kuwa wanaume waliocheza vibaya ndio waliomchokoza zaidi mwanamke. Wanawake wengi huishia kuzima maiki, na timu inakosa mtu wa kusema adui yuko wapi.

"Basi tambo zote zipigwe marufuku."
Hapana, tambo ni sehemu ya raha ya kushindana. Kipimo chetu: je, mpinzani anaweza kuijibu kwa kucheza vizuri zaidi? "Risasi tatu na bado umenikosa!" inajibika raundi ijayo. Tusi la rangi, jinsia au kabila halijibiki kwa mchezo wowote.

"Dawa ni kumjibu anayekutukana."
Ukiandika, mikono imeacha vitufe, mhusika wako amesimama, unauawa. Tena maneno yako nayo yanahifadhiwa, na ukiripotiwa yatakuhukumu. Mnyamazishe kwanza, ukikumbuka kwamba kwenye gemu nyingi sauti na maandishi huzimwa kila kimoja peke yake. Ripoti kwenye skrini ya matokeo kabla hujatoka, na uchague kosa lenyewe: matusi yakiripotiwa kama kuharibu mchezo makusudi, anayekagua atatazama alivyocheza, si alichosema.