Mary Lou Williams alikuwa mwalimu kabla hajaitwa profesa

Wanaoandika habari za Mary Lou Williams, mwanamuziki wa jazi wa Marekani, hupenda kumkata vipande: kwanza mpiga piano wa bendi ya Kansas City, kisha mtunzi, kisha mcha Mungu aliyeandika misa, na mwisho kabisa mhadhiri wa chuo kikuu. Mimi nafundisha piano ya jazi, na kadiri ninavyozidi kumsikiliza ndivyo ninavyozidi kuukataa mgawanyo huo. Ualimu haukumjia uzeeni. Alikuwa nao muda wote, na naamini ndio uliomwezesha kusonga mbele kila jazi ilipobadilika huku wenzake wengi wa rika lake wakibaki pale walipokuwa.

Alizaliwa Atlanta mwaka 1910, akakulia Pittsburgh. Mama yake alikuwa akimpakata huku anapiga kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na mtoto akaanza kupiga yale aliyoyasikia. Mama hakutaka kabisa kumtafutia mwalimu. Yeye mwenyewe alifundishwa nota mpaka akapoteza uwezo wa kupiga kwa sikio, na hakutaka yamkute na bintiye. Badala yake aliwaalika wanamuziki nyumbani wapige, mtoto asikilize. Binti huyo alipokuja kuwa mwalimu, alifundisha kwa njia hiyohiyo.

Bendi iliyomjulisha kwa watu ni ile ya Kansas City iliyoongozwa na Andy Kirk. Mumewe, John Williams, alipiga saksafoni humo, na Mary Lou aliingia polepole, kama mpiga piano wa dharura. Alikuwa na kichwa kilichojaa mipango ya muziki lakini hakujua kuiandika. Basi alimpigia Kirk kila sauti, Kirk akaandika, naye akawa anatazama mpaka akajua mwenyewe. Baada ya miaka michache bendi nzima ilikuwa ikipiga karatasi zake, na Benny Goodman, kiongozi wa bendi nyingine maarufu, akamwomba amwandikie nyimbo. Ndipo alipoandika "Roll 'Em" mwaka 1937.

Napenda wanafunzi wangu wasikilize kwa makini "Walkin' and Swingin'" ya mwaka 1936. Safu ya saksafoni ya Kirk haikuwa kubwa, na Mary Lou alitaka sauti nene zaidi ya ile iliyowezekana kwa watu aliokuwa nao. Akachukua trampeti moja akaiweka ndani ya safu ya saksafoni, itembee nao hatua kwa hatua. Ukisikiliza harakaharaka hutaitambua. Utasikia tu kwamba saksafoni zina mng'ao usio wa kawaida. Ndani ya wimbo huohuo kuna kifungu kifupi ambacho mpiga piano Thelonious Monk alikuja kukitumia katika "Rhythm-a-ning". Wengi wanaoupiga wimbo huo wa Monk leo hawajui kifungu hicho kimetoka wapi, na hilo linaniuma.

Monk hakukipata kwa bahati. Miaka ya 1940 Mary Lou alikuwa na nyumba Harlem, New York, mtaa wa Hamilton Terrace, na usiku wapigaji wakitoka kazini walikwenda kwake: Monk, Bud Powell, Dizzy Gillespie, Tadd Dameron. Piano ilikuwa pale sebuleni. Mmoja anakaa anapiga alichokitunga, mwingine anamsogeza anajibu. Bibopu, jazi mpya ya kasi na yenye sauti tata, ilikuwa ingali changa, wakubwa wengi wa jazi waliibeza, lakini yeye aliyekuwa na jina tayari aliwafungulia mlango na kuwasikiliza. Kwangu mimi hilo lilikuwa darasa kamili, hata kama hapakuwa na ada wala cheti. Naye alijifunza kwao: sikiliza alivyopiga kabla ya 1943 na baada ya hapo, mkono wa kulia umebadilika kabisa, ilhali wa kushoto bado una mwendo mzito wa Kansas City.

Mchanganyiko huo unasikika vizuri zaidi katika "Zodiac Suite" ya mwaka 1945, vipande 12 kwa nyota 12 za unajimu, kila kimoja akiwatunukia watu aliowajua au kuwastahi. Tarehe 31 Desemba mwaka huo aliipiga katika ukumbi wa Town Hall, New York, pamoja na okestra ndogo. Mwaka uliofuata baadhi ya vipande vilipigwa katika ukumbi wa Carnegie Hall na okestra kubwa. Naipenda zaidi rekodi ya watu watatu, piano, besi na ngoma, kwa sababu pale unamsikia akifikiri.

Kisha akachoka. Mwaka 1954, akiwa Paris, aliacha kupiga na kwa miaka kadhaa akajitenga na jukwaa. Akaingia Kanisa Katoliki mwaka 1957, akaanzisha mfuko wa kuwasaidia wanamuziki walioharibiwa na dawa za kulevya, akafungua na duka la mitumba ili kuuchangia. Padri aliyemshauri na rafiki yake Gillespie walimsihi arudi kwenye piano. Aliporudi alikuwa akiandika muziki wa ibada: kwanza wimbo kwa heshima ya Mtakatifu Martin de Porres, halafu misa tatu. Misa ya kwanza aliiandika wakati anafundisha katika shule ya sekondari ya Kikatoliki kulekule Pittsburgh. Ya tatu Alvin Ailey aliitungia dansi, na mwaka 1975 ikapigwa ndani ya Kanisa Kuu la St. Patrick, New York.

Mwaka 1977 alipanda jukwaa la Carnegie Hall na Cecil Taylor, mpiga piano wa jazi huru kabisa. Kimuziki, kwa maoni yangu, hawakukutana, Taylor alimfunika. Lakini nani mwingine wa kizazi cha swingi, jazi ya bendi kubwa za kuchezea dansi, angethubutu kumwalika? Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, kilimwajiri, na akafundisha huko hadi alipofariki Mei 1981. Historia ya jazi aliisimulia kwa vidole: nyimbo za kiroho za watumwa, ragitaimu, bluzi, swingi, bibopu, zikifuatana kwenye piano moja. Alisisitiza kwamba yote yalichipuka kutoka kwenye mateso ya watu weusi, na asiyelijua hilo hawezi kuipiga jazi sawasawa.

Kama unaanza kumsikiliza, anza na "Night Life", piano peke yake, mwaka 1930. Fuata mkono wa kushoto tu mpaka mwisho, uuone unavyoruka kutoka nota nzito ya chini hadi kundi la nota za katikati bila kuchelewa. Kisha nenda moja kwa moja kwenye onyesho lake la tamasha la jazi la Montreux, Uswisi, la mwaka 1978, umtafute mkono uleule.