Kupanga hifadhi ya bahari kwa kuzingatia viumbe vamizi: maana yake na inavyofanyika

Kupanga hifadhi kimaeneo ni kuamua sehemu zipi za bahari zilindwe, na kwa masharti gani, ili kila aina ya mazingira ipate ulinzi bila kuwabana wavuvi kuliko inavyolazimu. Viumbe vamizi ni wageni waliofikishwa mahali kwa shughuli za binadamu, wakaenea na kuleta madhara. Kwa muda mrefu ramani za hifadhi zilichorwa kana kwamba wageni hao hawapo.

Mediterania ya mashariki inaonyesha kwa nini hilo halifai. Tangu Mfereji wa Suez ufunguliwe mwaka 1869, samaki wa Bahari ya Shamu wamekuwa wakipenya huko, wakiwemo wa jamii wanazozijua vizuri wavuvi wa pwani yetu: tafi na bunju. Katika pwani ya kusini ya Uturuki, aina mbili za tafi (Siganus luridus na Siganus rivulatus) hula mwani mpaka mwamba ukabaki mtupu. Samaki-simba (Pterois miles), mwenye miiba ya sumu, alionekana Israeli mwaka 1991, kisha kuanzia 2012 akaenea haraka Lebanoni, Kupro na kwingineko.

Kazi huanza kwa kugawa bahari katika miraba, kwa mfano ya kilomita 10 kwa 10. Kila mraba huandikiwa kilichomo (nyasi bahari, miamba yenye mwani, mapango ya sili) na gharama ya kuufunga, ambayo mara nyingi ni mapato ya uvuvi yatakayopotea. Kisha huwekwa lengo, tuseme asilimia 30 ya nyasi bahari zote. Programu kama Marxan, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, hutafuta mkusanyiko wa miraba unaotimiza malengo kwa gharama ndogo. Huendeshwa mara 100 hivi, na mraba unaochaguliwa karibu kila mara ndio wa kuangaliwa kwanza.

Mvamizi anaingia wapi katika hesabu hii? Hapo ndipo penye ubishi. Njia rahisi ni kumfanya gharama. Tuseme mraba una gharama 10 na alama ya uvamizi 0.8 kwa kipimo cha 0 hadi 1: 10 × (1 + 0.8) = 18. Programu itaukwepa. Hilo ni sawa ikiwa hakuna la kufanya pale; kufunga uvuvi peke yake hakumzuii tafi. Lakini ukikwepa kila palipovamiwa, unaweza kuyatelekeza hasa mazingira yanayohitaji msaada, na kwenye pwani iliyovamiwa yote hutabakiwa na kitu.

Njia ya pili ni kinyume chake: kuichagua miraba iliyovamiwa ambako mvamizi anaweza kupunguzwa, na kuitengea fedha na watu. Binafsi tunaona hii ndiyo yenye maana zaidi, mradi swali la “anaweza kupunguzwa?” lijibiwe kwa ukweli. Kumtokomeza kabisa kiumbe wa baharini kumewezekana mahali padogo panapozibika. Mwaka 1999 huko Darwin, Australia, kome vamizi waliuliwa kwa klorini na salfeti ya shaba ndani ya maegesho ya mashua yenye milango ya maji. Huko California, mwani Caulerpa ulifunikwa kwa maturubai na kutiwa klorini. Ulionekana mwaka 2000, ukatangazwa kuisha 2006. Samaki-simba wa bahari wazi ni habari nyingine: mayai yake huelea, wachanga husafiri na mkondo, na wakubwa hukaa hata kwenye vina ambavyo wapiga mbizi wa kawaida hawafiki. Ukimwondoa leo, lazima urudi tena na tena.

Sheria nazo hukwamisha. Katazo la uvuvi ndani ya hifadhi humlinda pia mvamizi, kwa hiyo kibali cha kumvua kiandikwe mapema, kikitaja aina, zana na nani anaruhusiwa. Kupro ilitoa vibali maalumu kwa wapiga mbizi wa kuwinda samaki-simba.

Kosa linaloharibu ramani nyingi ni kuusoma mraba mtupu kama mraba safi. Karibu na bandari na vituo vya kupiga mbizi taarifa ni tele. Kwingine hakuna aliyezama kutazama. Tumia alama tatu: yupo, alitafutwa hakuonekana, hajatafutwa. Hiyo ya tatu isiingizwe kwenye hesabu kama sifuri.