Je, wajua? Jambazi mwenye bunduki si adui kisheria

Mwenye lori wa Kisumu akisoma karatasi zake za bima, kwenye orodha ya yasiyolipwa atakuta vita, uvamizi na kitendo cha adui wa kigeni. Wengi hudhani lori likitekwa usiku pale Salgaa, kipengele hicho kimewamaliza. La. Genge la majambazi si adui, hata likija na bunduki ishirini. Waliopora maduka ya Kisumu mwanzoni mwa 2008 nao hawakuwa adui. Yao ni ya kipengele cha ghasia, na hicho kina machungu yake. Sheria haipimi chuki, wala silaha, wala wingi wa watu. Inauliza kama mtu ni wa dola iliyo vitani na yako. Wanajeshi wa Kijerumani walioingia Kisii Septemba 1914, hao ndio adui.

Ukali huu ni wa zamani. Katika sheria ya kimila ya Uingereza (common law), ambayo Kenya iliirithi kama ilivyokuwa 12 Agosti 1897, msafirishaji anayembebea mtu yeyote mizigo kwa malipo alilipa chochote kilichopotea mikononi mwake, isipokuwa kwa kazi ya Mungu, kama radi au mafuriko, au kwa maadui wa mfalme. Mwizi hakumwokoa. Sababu ilishatolewa karne ya 15, katika kesi ya mkuu wa gereza lililovunjwa: wakilivunja maadui wa nje, asamehewe, wakilivunja raia, alipe, kwani raia anaweza kuwashtaki.

Ng'ombe wa jirani akila mahindi yako, unamfuata jirani kwa chifu, naye atalipa au mtasikilizana. Nzige wakishuka, utampeleka nani? Mwizi, hata asipokamatwa, ni ng'ombe mwenye mwenyewe: mahakama yako ina mamlaka juu yake. Adui ni nzige.

Hata hivyo hoja hiyo haikusimama peke yake. Jaji Holt, mwaka 1703, alihofia zaidi kwamba wasafirishaji wangekula njama na wezi kisha wagawane mzigo.

Vita vya 1914 vilileta kioja kingine. Mahakama ya Uingereza iliamua 1915 kwamba katika kujua nani ni adui asiyeweza kufungua kesi, kinachotazamwa ni makazi, si uraia. Mjerumani aliyeruhusiwa kuishi London aliweza kufungua kesi. Mwingereza aliyebaki Berlin kwa hiari yake akifanya biashara hakuweza. Lakini adui akishtakiwa yeye, aliruhusiwa kujitetea, na akishindwa, kukata rufani.