Mama ana mawazo, baba ana vidonda vya tumbo

Natibu magonjwa ya akili hapa Mtwara. Karatasi za rufaa za wanawake zikinifikia, nyingi zimeandikwa neno moja: "mawazo". Za wanaume ni chache. Wenyewe wako foleni nyingine, wanapimwa tumbo.

Aliwahi kuja mama mmoja wa upande wa Newala (nimebadilisha mambo machache asitambulike). Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hana, amekonda. Mumewe ameoa mke wa pili. Basi kila aliyemwona akawa na jibu tayari, mimi nikiwamo. Nikampa ushauri nasaha wiki kadhaa ndipo nikakumbuka kupima homoni za tezi ya shingo. Ilikuwa tezi. Angekuwa mwanamume ningempima siku ile ile, najijua.

Na mimi ni mwanamke. Mwaka 1970 huko Marekani, Inge Broverman na wenzake waliwapa wataalamu 79 wa afya ya akili orodha ya sifa. Baadhi waeleze mwanamume mwenye akili timamu, wengine mwanamke, wengine mtu mzima tu, bila kutajiwa jinsia. "Mtu mzima" akatoka anafanana na mwanamume. Mwanamke akawa kando. Wataalamu wa kike walijibu sawa na wenzao wa kiume.

Upande wa pili wa shilingi haueleweki kirahisi. Shirika la Afya Duniani linasema sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huwapata zaidi wanawake, lakini wanaojiua wengi ni wanaume, zaidi ya mara mbili. Sasa sonona yao iko wapi? Kwetu huku, msimu wa mabibo, mtu akishinda kwenye uraka, pombe ya mabibo, hakuna anayeshangaa. Akifoka, ni ukali wa baba. Tumbo likiuma, apewe dawa ya vidonda.

Hata dodoso letu la kupimia sonona, PHQ-9, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: hamu, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, hadi mawazo ya kifo. La hasira halimo, la pombe halimo. Kwa hiyo nimeongeza langu la pembeni. Juzi nilimuuliza mkulima mmoja wa korosho aliyekuja na dawa za tumbo za mwaka mzima kwenye mfuko wa rambo:

"Mzee wangu, siku hizi nyumbani unagombana na nani?"

Akacheka kidogo, akatazama chini. "Na kila mtu, daktari. Hata mbuzi."