Ujazo ukilingana, kazi ya uigaji bado haijaisha

Ripoti nyingi za uigaji wa kompyuta wa utoro wa bwawa, yaani njia ya kumwagia maji ya ziada, ninazoletewa kukagua huanza kwa kujisifu kwamba ujazo, yaani kiasi cha maji yanayopita kwa sekunde, uliokokotolewa na kompyuta unalingana na ule wa kanuni ya hesabu. Sioni ajabu. Kiasi hicho hutegemea urefu wa kizingiti (ukingo wa juu ambao maji huupita) na kina cha maji juu yake kikiwa na kipeo cha 1.5, kiasi kwamba kina kikiongezeka maradufu maji huongezeka takriban mara 2.8; na kwa kuwa pale juu nguvu ya uvutano ndiyo inayotawala huku msuguano ukiwa na athari ndogo, hata wavu wa seli kubwa, yaani vijumba ambamo kompyuta huyagawa maji ili kuyakokotoa, hutoa jibu la kuridhisha.

Mimi hutazama kwanza shinikizo. Kizingiti cha mviringo huchongwa kifuate umbo la maji yanayoanguka yenyewe, hivyo kwenye kina kilichosanifiwa shinikizo juu ya zege hukaribiana na lile la hewa. Mafuriko yakizidi kina hicho, maji hutaka kuachana na zege, shinikizo hushuka, na utoro humwaga maji mengi zaidi kuliko kawaida. Anayetazama ujazo peke yake ataona utoro wenye ufanisi, wakati hatari ndiyo kwanza inaanza.

Chini zaidi, mwendo hukaribisha kavitesheni: vipovu vya mvuke huzaliwa kwenye kasoro ndogo ya uso wa zege, kisha hupasuka na kuila. Maji yakikimbia kwa mita 30 kwa sekunde, pengo kati ya shinikizo la hewa na la mvuke huwa takriban asilimia 22 tu ya shinikizo la mwendo (lile litokanalo na kasi ya maji), ilhali uharibifu hutarajiwa pengo hilo likishuka karibu na asilimia 20. Mwaka 1983, katika bwawa la Glen Canyon huko Arizona, Marekani, mahandaki ya kumwagia maji yaliliwa hivyo, na katika handaki la kushoto likachimbika shimo la takriban mita 10 ndani ya mwamba. Tiba ilikuwa kuchonga mifereji ya kuingizia hewa, kwa sababu hewa kidogo iliyochanganyika na maji hulainisha kishindo cha vipovu.

Hapo ndipo programu zetu huyumba. Njia ya Hirt na Nichols ya mwaka 1981 ya kufuatilia uso wa maji kwenye kompyuta, ambayo bado wengi wetu tunaitumia, huipa kila seli namba kati ya 0, yaani hewa tupu, na 1, yaani maji matupu. Povu dogo kuliko seli halionekani kabisa. Modeli ya maabara ya kipimo cha 1:50, yaani iliyopunguzwa mara 50, nayo haituokoi, maana mvutano wa uso wa maji haupungui pamoja na vipimo vingine, na hewa inayoingia huwa pungufu. Kwa hiyo, kwa kuwa hewa hiyo isiyohesabiwa huyavimbisha maji, kuta za mkondo nazitaka ziwe juu kuliko uso wa maji uliochorwa na kompyuta, na kiasi cha hewa kwenye mifereji hiyo sikipitishi bila vipimo vilivyochukuliwa kwenye utoro halisi unaofanana na ule unaosanifiwa.