Acheni kung'oa themostati

"Gari likichemsha, ng'oa themostati." Kauli hii nimeikuta Tanga, nimeikuta Nairobi, na kiangazi hiki imenifuata mpaka Michigan. Mwenzetu mmoja hapa amenunua gari la Chevrolet Chevelle la 1969, injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, kabureta ya koo nne. Ikawa inachemsha kwenye foleni. Fundi wa kwanza akatoa themostati, akamwambia hicho ni kifaa cha nchi za baridi. Chevelle inachemsha vilevile, ila sasa asubuhi inakohoa, inakunywa mafuta, na haipati moto mpaka safari iishe. Nimechoka kulieleza jambo hili mtu mmoja mmoja, basi naliandika.

Themostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji kati ya injini na rejeta, haipoozi injini, na haijawahi kupooza injini yoyote. Kazi yake ni kuweka kiwango cha chini cha joto. Mimi kwenye injini hizi hufunga ya nyuzi 180 za Fahrenheit, yaani kama 82 za Selsiasi. Chini ya hapo imefunga, maji mengi yanabaki ndani ya bloku, yaani mwili wa injini. Zikifika 82, nta iliyomo kwenye kikopo chake inayeyuka, inatanuka na kuisukuma vali. Nyuzi kama 10 juu ya hapo vali iko wazi yote, na kuanzia hapo themostati haina la kusema tena.

Sasa fikirini. Geji ya joto la maji inasoma 110 za Selsiasi. Themostati ya 82 iko wazi yote. Ya 71 nayo iko wazi yote. Kuna tofauti gani kati yake? Aliyeweka ya 71 ili gari lisichemshe amebadilisha tu wakati ambao maji yanaanza kwenda kwenye rejeta. Kwenye foleni atafika 110 palepale, pengine kwa kuchelewa kidogo. Na anayesema "lakini Dar kuna joto" ajue kwamba Dar ina nyuzi 33 na maji ya injini yana 90. Rejeta nzima bado ina mahali pa kutupa joto.

Themostati ina hatia katika hali moja tu: imekwama ikiwa imefunga. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, utazame inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Ikikataa, nunua nyingine. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko gasketi ya silinda hedi.

Linaloniudhi zaidi ni maelezo wanayotoa hata wale wanaokubali kwamba isitolewe. Wanasema bila themostati maji yanapita kasi mno, hayapati nafasi ya kupoa. Si kweli. Maji yakipita polepole yanapoa zaidi kwenye rejeta, sawa, lakini yanakaa zaidi kwenye bloku pia, yanatoka huko yakiwa ya moto zaidi. Maji ni yaleyale yanayozunguka. Ukiongeza mwendo wake, kila mzunguko unabeba joto dogo lakini mizunguko ni mingi, na jumla ya joto linalotoka haipungui, inaongezeka. Kama mwendo wa polepole ungekuwa dawa, rejeta iliyoziba nusu ndiyo ingekuwa bora kuliko zote.

Mbona basi injini nyingine huzidi kuchemsha ikishatolewa themostati? Vitabu husema kile kizuizi kinaipa pampu kitu cha kusukumia, shinikizo ndani ya bloku linapanda, na mapovu ya mvuke hayajengeki karibu na vali za ekzosti. Kwa injini ya mashindano inayozungushwa mpaka mwisho naliamini. Kwa Chevelle inayojikokota barabarani nina shaka, maana kwenye geji sijawahi kuona tofauti kubwa. Ila kwa Toyota nyingi za huko nyumbani hakuna shaka. Themostati zake zina vali mbili: moja ikifungua njia ya rejeta, ya pili inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi milele, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Umejitengenezea ugonjwa.

Na injini baridi inaumia kimyakimya. Kabureta inamwaga mafuta mengi, yasiyoungua yanateremka kwenye kuta za silinda, yanaosha oili na kuingia sampu, beseni la oili chini ya injini. Unyevu nao unahitaji moto ili utoke kwenye oili. Mkikuta utelezi mweupe chini ya mfuniko wa oili, msikimbilie kulaumu gasketi kabla ya kuuliza kama themostati ipo.

Haya, pa kutazama. Linachemsha kwenye foleni lakini barabara kuu linapoa: tatizo ni hewa. Klachi ya feni imechoka, au ile bakuli inayozunguka feni haipo, maana watu huitoa ili injini ionekane vizuri. Feni inatakiwa ikae nusu ndani ya bakuli, nusu nje. Linapoa mjini, linachemsha kwenye mwendo mkali: tatizo ni maji. Rejeta imeziba, fanibelti inateleza, au hozi ya chini inafyonzwa na kubana kwa kukosa springi ndani. Mfuniko wa rejeta mfunge wa shinikizo la paundi 15 unaoshika kweli. Maji matupu chini yake hayachemki mpaka yakaribie 120. Bloku ina bolti za kumwagia maji, moja kila ubavu, chini kabisa. Ukifungua na lisitoke tone, usifurahi. Kutu imejaa, chokonoa kwa bisibisi mpaka matope yatoke.

Chevelle hii nilianza na taimingi, yaani wakati ambao cheche inawasha mafuta, mahali ambapo karibu hakuna anayetazama. Cheche ikichelewa, moto unakuwa bado unaungua wakati vali ya ekzosti inafunguka. Moto huo unapita kwenye tundu za silinda hedi zilizozungukwa na maji, na rejeta inabebeshwa joto ambalo lingepaswa kusukuma pistoni. General Motors, wenye Chevrolet, walilijua hili vizuri. Kuanzia modeli za 1970, walipoanza kukata vakyumu (mfyonzo wa injini unaowahisha cheche) ya distributa, kigawa cheche, kwenye gia za chini ili kupunguza moshi wenye sumu, waliweka pia swichi inayohisi joto la maji: injini ikizidi moto, distributa inarudishiwa vakyumu, cheche inawahi, injini inapoa. Kiwanda chenyewe kilipoozesha injini kwa taimingi!

Paipu ya vakyumu ya mwenzetu ilikuwa imezibwa kwa skrubu. Niliirudisha kwenye manifoldi, njia ya kuingizia hewa na mafuta, nikaseti cheche digrii 10 kabla ya kilele cha pistoni kwanza paipu ikiwa imechomolewa, halafu nikahakikisha jumla kwenye mwendo haizidi 36, bado bila vakyumu. Watu hubishana sana kama ichukuliwe manifoldi au juu ya kipepeo cha kabureta. Injini nyingine zinapenda hivi, nyingine vile, jaribuni zote mbili. Ila msiiamini alama ya taimingi kwenye puli ya mbele ya injini kabla ya kuihakiki. Pete ya nje imeshikwa kwa mpira, na mpira wa miaka 50 unateleza, alama inahama nayo. Tafuteni kilele halisi cha pistoni ya kwanza kwanza.

Themostati mpya, springi ielekee kwenye injini. Mimi hutoboa tundu la milimita 3 kwenye ukingo wake ili hewa ipate kutoka. Jaza kulanti injini ikiwa baridi, iwashe mfuniko ukiwa wazi, na ushike hozi ya juu. Ikipata moto ghafla, themostati imefunguka na maji yatashuka kwenye rejeta. Ongeza palepale, kisha funga mfuniko.